Kwa Heshima ya Chokaa Sumbufu

Chokaa inachafua. Mtu akipita kwenye uchochoro mwembamba wa Mji Mkongwe, Unguja, amevaa buibui jeusi, bega likagusa ukuta, atafika aendako na alama nyeupe ambayo kila jamaa ataiona na kuipangusa kwa kiganja. Inaunguza ngozi ya fundi, inaingia machoni, inapasua vidole. Haikauki upesi. Ikishakauka, inamenyuka. Mvua za masika zikipita juu yake inafanya madoa ya kijani, na kila mwaka inadai tena ndoo, brashi, ngazi na mtu wa kupanda ngazi. Nimesikia ikilaaniwa na wenye nyumba, wapangaji, mafundi vijana, mameneja wa hoteli na mama zetu waliofua hayo mabuibui, na sijasikia laana hata moja isiyo na sababu. Yote wanayosema ni kweli. Nataka kuisifu kwa hayo hayo.

Mgeni anayesifiwa hutajiwa ukoo kwanza. Chokaa yetu kwao ni baharini. Unguja imekaa juu ya miamba iliyokuwa matumbawe hai zamani za kale, na jiwe lile lile linalochimbwa kujengea ukuta ndilo linalochomwa kutoa chokaa ya kuushika. Mtindo wa kale ni wa tanuu ya wazi: magogo yanapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na juu yake yanalundikwa mawe. Moto unawashwa kati. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi linatoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake, linabaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Likimwagiwa maji linachemka lenyewe bila jiko, linapasuka, linakuwa unga na kisha uji mzito. Uji huo unatiwa shimoni, unafunikwa maji, unaachwa.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapoanza, kwa sababu unaachwa muda mrefu. Wiki kadhaa ni haba, miezi ni bora. Punje ambayo haijaiva ikitiwa ukutani itaendelea kunywa maji na kuvimba ndani ya plasta, na siku moja itachomoka na kuacha tundu. Mwenye nyumba anayetaka kazi iishe kabla mgeni wake hajashuka uwanja wa ndege hapendi kusikia habari za shimo. Pesa anazo, fundi anaye, mchanga umekwisha letwa, na kitu pekee anachokosa ni wakati, ambao hauuzwi sokoni Darajani. Na chokaa ikishapandishwa ukutani mambo hayawi mepesi. Saruji hushikana kwa maji, kesho yake imekuwa ngumu. Chokaa inangoja hewa. Polepole, kutoka usoni kwenda ndani, inavuta tena ile kaboni iliyofukuzwa na moto, na kwa kuivuta inarudi kuwa jiwe. Tabaka la kwanza kama halijatulia, la pili haliwekwi. Jua likiwa kali, ukuta unafunikwa magunia yaliyoloweshwa; upepo ukizidi, unanyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Ukimuuliza fundi mzee itakauka lini, atakujibu, "Ikikauka, bwana." Hakufanyii kiburi. Hiyo ndiyo hesabu aliyonayo, na ni hesabu sahihi.

Tazama ucheleweshaji huo ulizaa nini. Katika majumba ya kale ya Lamu, Pate na Siyu, mengi yake ya karne ya 18, vyumba vya ndani vilipambwa kwa safu za vidaka kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na kingo zake zikachongwa majani, misuko na mistari iliyopishana kwa mpango usiochosha jicho. Nakshi zile zilikatwa katika plasta ya chokaa ingali mbichi. Fundi aliketi mbele ya ukuta na kisu chake, akakata, akarudi nyuma, akatazama, akakata tena, na ukuta ukamngoja. Saruji isingemngoja. Ingekuwa imemfungia kazi kabla hajamaliza jani la pili. Kila anayesimama leo mbele ya vidaka vya Lamu na kushika kidevu kwa mshangao anaishangaa subira ya chokaa, ajue asijue.

Wanasema pia ni dhaifu, na ukucha unathibitisha: ukikwaruza plasta ya chokaa inabaki mfuo, ukikwaruza ya saruji unavunjika ukucha. Udhaifu huu ninauheshimu kuliko sifa zake nyingine zote, na naomba msomaji anivumilie hapa kwa sababu nyumba nyingi za mji wetu zimekufa kwa kutolielewa jambo hili moja.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mnene, nusu mita na mara nyingi zaidi, lakini si kipande kimoja. Ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na katikati kumejazwa vipande na kifusi. Chini hauna nailoni wala lami ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake, na yanapanda na chumvi, maana bahari iko hatua chache. Waliojenga ukuta wa namna hii hawakutarajia ubaki mkavu. Walitarajia ulowe na ukauke, ulowe na ukauke, mwaka baada ya mwaka. Maji yanayoingia chini yanatokea usoni kupitia vinyweleo vya chokaa, na upepo unayachukua. Gharama ya safari hiyo inalipwa na chokaa. Chumvi inabaki ndani yake, inaganda, inaivimbisha, na plasta inadondoka vipande vipande chini ya ukuta. Mwenye nyumba anaona vumbi sakafuni, anasema chokaa imeshindwa. Imemenyuka yenyewe ili jiwe lisimenyuke. Imeliwa na chumvi kwa niaba ya jengo zima, na kinachotakiwa ni kuikwangua pale ilipoliwa na kuweka nyingine.

Sasa upige ukuta huo huo plasta ya saruji. Wiki ya kwanza unang'aa. Mwaka wa kwanza jirani anaomba namba ya fundi. Ndani, maji yaliyozoea kutokea chini ya ukuta yamefungiwa mlango, nayo hayarudi ardhini kwa kukatazwa. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Juu nako kuna hatari nyingine. Jengo la mawe na chokaa linanyumbuka kidogo kila siku, linatanuka kwa jua na kunywea usiku, na chokaa inanyumbuka nalo. Saruji hainyumbuki. Inafanya nyufa nyembamba za unywele, mvua inaingia kwa nyufa hizo, na ikishaingia haina njia ya kutoka. Inakaa gizani nyuma ya uso mgumu, msafi, uliopakwa rangi ya plastiki, mpaka inafika kwenye vichwa vya boriti.

Boriti zinastahili sifa zao peke yao. Ni magogo ya mikoko, yaliyokatwa kwenye vichaka vya pwani kama vile vya delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na kwa karne nyingi majahazi yaliyapeleka hata Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba vyetu, mita tatu hivi au pungufu, na hili nalo linalalamikiwa na kila anayejaribu kuingiza kitanda cha kisasa. Boriti kavu, yenye hewa, inaishi miaka mingi kuliko walioipandisha. Lakini kichwa chake kimezikwa ndani ya ukuta, na ukuta ukilowa bila kukauka, kichwa kinaoza. Katikati ya chumba boriti bado inaonekana nzima, imepakwa rangi, inapendeza. Hakuna anayeona kinachoendelea kwenye ncha zake. Kisha usiku mmoja wa masika sakafu ya juu inashuka.

Ndiyo maana nasema udhaifu wa chokaa ni fadhila. Inaonyesha ugonjwa ungali mdogo, tena mahali pa wazi, mbele ya macho ya kila apitaye. Doa ni taarifa. Saruji inauficha ugonjwa mpaka siku ya msiba.

Nije sasa kwenye lalamiko kubwa kuliko yote, kwamba haina mwisho. Ukipaka mwaka huu, mwakani inakuita tena. Zamani wito huu ulikuwa na majira yake. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, au Idi, ndoo za chokaa zilionekana milangoni, vijana wakatumwa, wazee wakasimama chini wakielekeza. Kilichopatikana siku hiyo hakikuwa weupe peke yake. Aliyepanda ngazi aliona mengi. Aliona mche wa mti wa jamii ya mkuyu uliochipua kwenye ufa, mizizi yake ingali kama uzi, akaung'oa kwa vidole viwili. Aliona mfereji wa paa ulioziba kwa majani na manyoya ya njiwa. Aliona ufa uliokuwa haupo mwaka jana, akashuka akamwambia baba. Chokaa ilimlazimisha mtu mmoja, mara moja kwa mwaka, kuutazama kila mkono wa ukuta wake kwa karibu, na ukaguzi ule hakuna aliyeulipia.

Saruji ilikuja na ahadi nyingine kabisa. Ilituahidi kwamba hatutahitajika tena. Piga mara moja, ondoka, nenda kaangalie shughuli zako. Watu waliichukua ahadi hiyo kwa mikono miwili, na siwashangai, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umeshachoka kupita kiasi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye majumba wengi waliondoka au waliondolewa, na Serikali ikataifisha nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Waliopewa kuishi humo walikuwa watu waliohitaji pa kulala, wengi wakitoka mashamba, na hawakuja kuharibu kitu. Jumba lililojengwa kwa familia moja na watumishi wake likachukua familia nyingi, kila moja na chumba chake. Jiko likapanda ghorofani, choo kikalifuata, bomba likatobolewa hapa na pale, na maji yakaanza kushuka ndani ya kuta zilizokuwa zimezoea kuyapokea kutoka chini tu. Kodi ilikuwa ndogo, kama ilivyopasa kwa watu wa hali ile, na haikutosha kununua hata gunia la chokaa. Lakini kilichoyaangusha majumba zaidi ya vyote, naamini, ni kwamba ngazi haikuwa ya mtu. Paa la pamoja, ukuta wa nje wa Serikali au wa Wakfu, ua wa wote. Nani apake? Kila mtu alifagia chumba chake kikawa safi kabisa, na nyumba ikafa kwa nje. Kufika miaka ya 1980, kuanguka kwa nyumba wakati wa masika kulikuwa kumeshakuwa habari ya kawaida, na palipoanguka pakabaki kiwanja cha kifusi na magofu yenye majani, watoto wakachezea mpira.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Nyumba kadhaa ziliuzwa kwa watu waliotarajiwa kuzitengeneza. Watalii wakaongezeka, hoteli zikafuata, na pesa ya ukarabati ikapatikana ghafla baada ya ukame wa miaka ishirini. Pesa hiyo ilikuwa na haraka. Ilitaka vyumba vifunguliwe msimu ujao, na saruji ikawa tayari kwenye mfuko, dukani, na maelekezo nyuma. Kwa hiyo majengo mengi yaliyonusurika kutelekezwa yalijeruhiwa kwa kutengenezwa, na nadhani huu ndio ukweli mchungu zaidi wa mji wetu: mapenzi ya haraka yameacha makovu mahali ambapo usahaulifu ulikuwa umeacha madoa.

Hakuna anayeweza kuandika haya bila kuitaja Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kama jumba la sherehe, na ilistahili jina lake: nguzo ndefu za chuma zikizunguka baraza pana ghorofa juu ya ghorofa, umeme, na baadaye lifti, mambo ambayo sehemu hii ya Afrika ilikuwa haijayaona. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vya chini ya saa moja vilivyoliangamiza jumba la jirani yake na kuuharibu mnara uliokuwa mbele. Ikatengenezwa, ikapewa mnara mpya wenye saa usoni pake, ikawa ofisi za utawala, ikapita Mapinduzi, ikawa chuo cha siasa, ikawa makumbusho. Jengo hili ni chotara. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na sakafu zake zinabebwa na chuma na zege. Chuma kwenye hewa ya chumvi kinahitaji kutazamwa kuliko hata chokaa, ila hakipigi kelele. Kinapata kutu ndani, kimya, mpaka kinavimba na kupasua kilichokizunguka. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake iliporomoka na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Oman ukiwa umeshaanza, pembe ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili waliokuwa kazini walikufa.

Niliona picha za kifusi kile kama kila mtu alivyoziona, na bado siwezi kuzitazama kwa utulivu. Watu walikwenda kuliokoa jumba likawaua. Kwao, na kwa watoto wao, matengenezo yaliyochelewa si mada ya semina.

Wapo watakaosema naonea saruji, na wana hoja. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina dari ya kuba ndefu ya zege lililochanganywa na matumbawe, wazo la Askofu Edward Steere, yule yule aliyetafsiri na kuandika sana kwa Kiswahili. Kuba ile imesimama mpaka leo, na kanisa limekarabatiwa katika miaka yetu hii. Jengo lililoanza na zege linaweza kuishi na zege. Nyumba mpya ya matofali huko Mwanakwerekwe ina haki ya kupigwa saruji na haitapata madhara. Ugomvi wangu ni na saruji iliyovalishwa ukuta wa matumbawe uliokwisha zoea kupumua.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Tanuu ya chokaa inakula miti. Magogo yanayohitajika kuchoma lundo moja ni mengi, na kisiwa hakina msitu wa kuchezea. Matumbawe hai ya baharini hayafai kuguswa kabisa. Lazima jiwe litoke kwenye machimbo ya nchi kavu, na machimbo nayo yanaacha mashimo. Mikoko inayotoa boriti ndiyo inayozuia mawimbi yasile ufuo. Mtu anayeipenda chokaa na asiyajali haya anapenda ukuta na kuichukia nchi. Tanuu zilizofungwa, zinazotunza joto, zinapunguza kuni sana. Na kuna jambo la hesabu linalosahauliwa: nyumba inayopakwa kila mwaka inakula chokaa kidogo mno, ndoo chache. Inayokula magunia kwa mamia ni ile iliyoachwa miaka thelathini.

Kuna deni jingine ambalo mwenye kuisifu kazi ya chokaa hapaswi kuliruka. Mapaa bapa na sakafu za majumba haya zilitengenezwa kwa chokaa na kokoto za matumbawe, zikapigwa kwa vibao vya miti mpaka zikashikana zisipitishe maji. Watu walisimama safu wakipiga kwa mpigo mmoja, siku nyingi, kwa nyimbo. Katika Unguja ya karne ya 19 wengi wa wale waliokuwa safuni walikuwa watumwa. Uso laini wa sakafu ya jumba la tajiri ni alama ya mikono yao, na ni kazi yao ambayo bado tunaweza kuigusa leo. Nikisikia mtu anataka kuivunja sakafu ya namna ile ili aweke vigae vinavyong'aa, nafikiri kwanza juu ya hao, kabla ya sultani au mfanyabiashara yeyote.

Ufundi wenyewe uliwahi kukaribia kupotea. Kizazi kizima cha mafundi kilikulia kwenye saruji, kikajua uwiano wa mchanga na mfuko lakini hakikuwahi kuona shimo. Kazi ya kuurudisha ilianza kwenye majengo machache. Dispensari ya Zamani kule Mizingani, yenye roshani za mbao zilizochongwa, jengo ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, lilikuwa limechakaa vibaya. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati katika miaka ya 1990, na mafundi wa hapa wakajifunza tena humo kupika, kuchuja na kupandisha chokaa. Mwaka 1994 mfuko huo huo ukasaidia kuandaa mpango wa uhifadhi wa mji mzima. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye Urithi wa Dunia, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Huko Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoandikishwa tangu 1981 yalifika hali mbaya hata yakawekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mafundi na wanavijiji waliyafanyia kazi kwa chokaa, wakaziba, wakaegemeza, wakapanda mikoko kuzuia bahari, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Hakuna aliyefanya muujiza Kilwa. Watu walikubali kusumbuliwa kwa miaka kumi.

Nimemwona fundi akifundisha kijana kwa kumtia mkono kwenye ndoo. Hakumpa kipimo. Alimwambia ashike, afumbate, aachie, atazame kama imebaki kwenye kiganja au imeteleza. Kijana alikosea mara nyingi, na kila alipokosea wakatia mchanga kidogo na kufumbata tena. Elimu hii haiandikiki vizuri kwenye mfuko. Inahitaji mzee aliye hai na kijana aliye karibu naye, na mshahara wa kumfanya kijana asikimbilie bodaboda. Hoteli zinazopata wageni kwa sababu ya kuta hizi zina wajibu wa kulipia mafunzo haya, kwa kiwango kinachojulikana na kwa kila mwaka. Nalisema hili kwa kutaka lifanyike.

Naiomba Mamlaka na Kamisheni ya Wakfu zichimbe mashimo ya chokaa mitaani, moja Malindi, moja Mkunazini, moja Shangani na mengine yafuate, yafunikwe vizuri watoto wasitumbukie, na kila kaya ya mtaa, mwenye nyumba na mpangaji sawasawa, iwe na haki ya ndoo zake kila mwaka bila malipo pamoja na ngazi ya kuazima. Kila ngazi iwe na fundi mmoja wa zamu anayepita kutazama wapakaji wamekuta nini, na anayeandika nyufa kwenye daftari la mtaa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya kuegemeza ukuta mmoja uliokwisha inama. Majira yanaruhusu. Shimo likichimbwa Januari, chokaa itapita masika yote chini ya maji ikiiva, na Juni, kusi ikishaanza kuvuma na jua limepoa, itakuwa tayari kwa ukuta.